Mahakama Haina Swali

Jaji Cleophas Ntahondi alikuwa na desturi moja ambayo mawakili wote wa Saint Paul waliifahamu, ingawa hakuna aliyewahi kumuuliza sababu yake. Kila shahidi alipomaliza kuhojiwa na pande zote mbili, Jaji aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake, akavua miwani, akasema kwa sauti ya chini, "Mahakama haina swali." Shahidi akashuka, mwingine akaitwa. Majaji wenzake waliuliza, tena wengine waliuliza mpaka mawakili wakaanza kutazama saa. Yeye kwa miaka minane hakumuuliza shahidi yeyote neno lolote.

Hakuanza hivyo. Alipoteuliwa mwaka 2010 alikuwa na miaka sitini na mmoja, na watu wa Kigoma waliokuwa Minnesota wakati ule walijaa ukumbini kumwona akivishwa joho. Walijua alikotoka. Alifika akiwa mwanafunzi mwaka 1979, akasafisha ofisi mchana na kusoma sheria jioni, kisha akafanya kazi ya kuendesha mashtaka ya mji kwa miaka kumi na saba. Mwaka wake wa kwanza kwenye kiti aliuliza kama mtu aliyekuwa amefungwa mdomo siku nyingi. Shahidi akisitasita, anauliza. Wakili akiruka jambo, analirudia yeye.

Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikatengua hukumu yake. Majaji watatu walihesabu maswali aliyomuuliza shahidi mmoja, wakapata kumi na manne, wakaandika kwamba jaji hakuwa tena jaji bali wakili wa tatu. Maneno hayo yalichapishwa, yakasomwa na kila aliyetaka kuyasoma. Siku ile kwenye chakula cha mchana mwenzake mmoja alimgonga bega akicheka, "Cleo, siku nyingine waachie na mawakili nao waseme kidogo." Meza nzima ikacheka. Yeye naye alicheka, akamaliza supu yake, akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Tangu hapo alifanya kazi kwa namna yake. Karatasi ya manjano aliikunja katikati kwa urefu. Upande wa kushoto aliandika yaliyosemwa. Upande wa kulia aliandika maswali ambayo yangepaswa kuulizwa na hayakuulizwa. Kesi ikiisha, alichana karatasi kwenye mkunjo, wa kushoto akauweka kwenye jalada, wa kulia akautia mwenyewe kwenye mashine ya kukata karatasi. Hakuna aliyejua kulikuwa na upande wa kulia. Mwenyewe aliuita adabu.

Kesi ya Anicet Bahizire ilikuja kwake Juni 2014, wiki ileile treni mpya ilipoanza kupita University Avenue.

Anicet alikuwa Mkongo wa Uvira, mtu mfupi, mpakiaji mizigo katika ghala moja. Alikuwa ameishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, miaka kumi na mitatu kabla ya kuletwa Minnesota na mkewe Mukamana na watoto wao watatu. Walipanga mtaa wa Frogtown, ghorofa ya pili. Januari ile waligombana kwa sababu Mukamana alibadilisha zamu kazini bila kumwambia mumewe. Mukamana alitoka nje kwa hasira, na kwenye ngazi za nje zilizokuwa zimeganda barafu akaanguka, akapasuka mdomo. Jirani alisikia yowe, akaita polisi. Polisi wakamkuta mwanamke anavuja damu na mwanamume anapiga kelele kwa lugha wasiyoijua. Walimpigia mkalimani kwa simu, wakamuuliza Mukamana nani kamfanya vile. Naye, kwa hasira alizokuwa nazo, akajibu, "Muulizeni yeye." Wakapiga picha ya mdomo, wakaandika ripoti. Mukamana akachukua watoto, akaenda kwa kaka yake, Pacifique, aliyekuwa akikaa Richfield.

Sasa, mke akishakwenda kwa kaka yake, kuna njia moja ya kumrudisha, na Wakongo wa Uvira hawakuiacha mpakani. Mume anakuja na watu wake. Anakaa. Anasomewa makosa yote, ya kweli na ya kuongezwa, na kazi yake ni kuinamisha kichwa na kukubali. Akibisha hata moja, kikao kinavunjika, naye atarudi nyumbani peke yake. Akikubali yote, anatozwa faini, watu wanakula, mke anabeba mizigo yake. Kikao kilifanyika kwa Pacifique mwezi wa pili. Katibu wa kanisa akaandika PV, yaani kumbukumbu za kikao, maana Wakongo hawafanyi kikao bila karatasi. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu: Bwana Anicet amekubali kwamba alimpiga mkewe mdomoni, ameomba msamaha, ametozwa kitenge kimoja na kreti mbili za soda. Anicet akasaini. Mukamana akasaini. Mashahidi wanne wakasaini. Wakaenda nyumbani.

Wiki moja baadaye ikaja barua ya mahakama: Anicet anashitakiwa kwa kumpiga mkewe. Pacifique alishangaa kuliko wote. Akavaa suti, akachukua ile PV, akaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka, akawaambia kwa Kiingereza chake cha kujifunza, "Tulishamaliza. Angalieni, wote wamesaini." Alitaka wafute kesi. Wakamshukuru sana, wakatoa nakala.

Wakili aliyepewa Anicet, binti mmoja aitwaye Lindquist, alimweleza kwamba ana haki ya kusikilizwa na baraza la raia sita, au na jaji peke yake.

"Jaji ni nani?" Anicet aliuliza.

Alipotajiwa jina akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Januari. "Ntahondi? Huyo ni mtu wa Kasulu! Kambi yetu ilikuwa kwao. Huyo mambo ya kikao anayajua. Niwekee huyo."

Jaji mwenyewe, kabla kesi haijaanza, aliwaambia mawakili kwamba amezaliwa Kasulu na kwamba mshitakiwa hamjui. Hakuna aliyekuwa na pingamizi.

Kesi ilichukua siku moja, Ijumaa. Picha ya mdomo ilionyeshwa. Jirani alieleza yowe alilolisikia, lakini hakuona kitu. Mukamana akapanda, Avelina akimtafsiria. Avelina alikuwa Mtanzania, mkalimani wa mahakama wa miaka mingi, aliyetafsiri kila kitu kama kilivyo, hata kikohozi.

"Nilianguka," Mukamana alisema. "Ilikuwa barafu ku ngazi."

"Mama, unampenda mumeo?" mwendesha mashtaka alimuuliza.

"Eh! Si bwana yangu?"

"Na asingekuwepo, kodi ya nyumba angelipa nani?"

Mukamana alimtazama Avelina, kama anamuuliza kama swali lile ndilo kweli. "Sisi wote tunatumika, kila mutu na kazi yake," alisema.

Mwendesha mashtaka akakaa, ameridhika. Wanawake wengi hugeuza maneno wakifika mahakamani, na kila mtu ukumbini alilijua hilo, Jaji akiwemo. Alikuwa ameona waliopigwa kweli wakiapa kwamba waligonga mlango. Hakuweza kusema, kwa kumtazama tu, huyu ni yupi.

Anicet akapanda. Alimtazama Jaji kama mtu anayemtazama shemeji. Wakili wake akamuuliza kama alimpiga mkewe, akajibu hapana, akaeleza ngazi na barafu. Kisha mwendesha mashtaka akamwonyesha PV.

"Hii ni saini yako?"

"Ndiyo, yangu."

"Kulikuwa na polisi siku hiyo? Kuna mtu alikutisha?"

"Hapana. Kulikuwa na mchungaji. Tulikula."

"Na mbele ya mchungaji ulisema kwamba ulimpiga mkeo mdomoni?"

"Nilisema." Anicet aligeuka kwa Jaji, akaacha kumngoja mkalimani. "Lakini Muheshimiwa, we unajua, pale kwa shemeji mutu hawezi..."

"Pingamizi," mwendesha mashtaka alisema. "Shahidi amejibu. Hakuna swali mbele yake."

Pingamizi lilikuwa sahihi. Jaji alilipima jinsi alivyopima yote, akaliona sahihi. "Jibu unaloulizwa tu, bwana," alisema kwa Kiingereza, na Avelina akatafsiri.

Anicet akaitikia kwa kichwa. Hakuonekana kuudhika. Alionekana kama mtu aliyeambiwa na mkubwa wake asubiri kidogo.

Zamu ikarudi kwa Bi Lindquist. Jaji alikuwa ameandika swali moja tu upande wa kulia wa karatasi: Kwa nini ulisaini? Akamngoja binti yule alifikie. Lindquist alisimama, akaipitisha kalamu kwenye daftari lake. Lakini mawakili hufundishwa wasimuulize shahidi "kwa nini" kama hawajui atajibu nini, naye jibu hakulijua. Hakuwa ametoka Kasulu.

"Sina swali zaidi, Mheshimiwa."

Jaji akavua miwani. Avelina, ambaye hakuwahi kumtazama jaji usoni akiwa kazini, alimtazama. Na Anicet alikuwa akingoja, mikono juu ya magoti, uso umetulia, kwa sababu kwa hesabu yake sasa ndipo mwenye kikao atakaposema.

"Mahakama haina swali," Jaji alisema.

Alisema atatoa uamuzi Jumatatu.

Jumamosi alikuwa nyuma ya nyumba yao, Saint Paul, akipalilia mchicha. Mkewe Victoria alitoka na kikombe cha chai, akakiweka kwenye ngazi, wala hakurudi ndani.

"Baba Jedidah, wanawake wa kanisani wanasema..."

"Usinitajie kesi."

"Nani kakutajia kesi? Nakutajia ndoa yangu. Mwaka sabini na sita, ulipokuja kunichukua kwa baba, ulisomewa makosa mangapi?"

Jaji aliendelea kung'oa magugu. "Sikumbuki."

"Sita. Ulikubali yote sita. La nne lilikuwa kwamba ulinipiga na mwiko. Ulinipiga na mwiko?"

"Victoria."

"Nakuuliza."

"Sikukupiga."

"Mwiko wenyewe tulikuwa hatuna! Tulikuwa tunasonga ugali na mpini wa fagio." Alicheka, kicheko kikakatika kabla hakijafika mwisho. "Ukasaini kwenye daftari la Baba Mdogo, ukatoa mbuzi na blanketi. Mimi nimejificha nyuma ya mlango, nakuonea huruma. Daftari lile liko Kasulu mpaka leo. Siku moja mtu akilipeleka kwa gavana wako, sijui utamwambia nini."

"Yale ninayoyajua mimi si ushahidi," alisema. "Ushahidi ni ule uliosemwa kizimbani."

"Basi si umuulize aseme?"

Alitaka kumweleza. Sheria ilimruhusu, katika kesi isiyo na baraza, kuwaita tena wote wawili na kuuliza. Swali moja, la wazi, lisingemtengulia hukumu mtu yeyote. Hilo alilijua na alikuwa amelijua tangu Ijumaa. Lakini sasa mkewe alikuwa ameshamtajia mambo nje ya mahakama, na akiuliza Jumatatu, atakuwa anauliza kwa sababu ya maneno ya bustanini. Alilishika hilo. Lilikuwa sababu nzuri, ya kisheria kabisa, na aliona jinsi ilivyomfikia kwa wakati.

"Ungekaa kimya, pengine ningeuliza," alimwambia.

Victoria aligeukia ngazi. "Haya," alisema. "Basi kosa ni langu. La saba." Akachukua kikombe ambacho Jaji hakukigusa, akaingia nacho ndani.

Hukumu ilikuwa na kurasa saba, na ilikuwa nzuri. Ilieleza kwamba picha peke yake isingetosha, na jirani peke yake asingetosha. Lakini mshitakiwa alikiri kwa hiari, mbele ya mchungaji wake, bila kutishwa, akasaini, na hakuna maelezo yoyote yaliyotolewa mahakamani kuonyesha kwamba kukiri kule kulikuwa kitu kingine. Sentensi hiyo ya mwisho aliiandika mara tatu kabla ya kuiacha. Ilikuwa kweli tupu. Akamtia Anicet hatiani, na kwa kuwa hakuwa na kosa la nyuma, hakumpeleka jela hata siku moja: mwaka mmoja wa uangalizi, na darasa la kuzuia hasira kila Jumanne.

Anicet alisimama, akainama kidogo. "Aksanti sana, Muheshimiwa," alisema, na Avelina akatafsiri shukrani ile bila kubadilisha sauti. Anicet alidhani limekwisha. Amekubali, ametozwa, anakwenda nyumbani na mke wake. Mbele ya lifti akampa Lindquist mkono kwa mikono yake miwili.

Chumbani kwake Jaji alichana karatasi ya manjano kwenye mkunjo. Upande wa kulia ulikuwa na mstari mmoja tu. Mashine haikuchukua hata sekunde mbili.

Jina lake lilikuwa limeshapita kwenye karatasi za kura za majaji bila mpinzani. Hukumu zake ziliendelea kupanda kwenda rufaa na kurudi zikiwa zimesimama. Hata ya Anicet ingesimama, kama angekata. Hakukata, maana kwake hapakuwa na kitu cha kukatia.

Mwaka 2018, siku moja ya Machi, Avelina alimkuta Jaji kwenye ujia akingoja lifti. Katika miaka yote ile hawakuwahi kuzungumza Kiswahili ndani ya jengo lile.

"Samahani, Mheshimiwa. Yule Anicet wamemrudisha."

"Anicet yupi?" Jaji aliuliza, na alijisikia aibu palepale, kwa sababu mama yule hakuwa mjinga.

"Aliomba uraia. Alipoitwa kwenye usaili akavaa suti ya shemeji yake. Wakafungua faili, wakaona kosa la kumpiga mke, na kosa hilo kwa watu wa uhamiaji halina dogo. Miezi minane ndani, halafu ndege. Wamemshusha Kinshasa."

"Lakini yeye ni wa Uvira."

"Ndiyo. Kinshasa hana mtu. Na Kilingala hakijui." Lifti ilifunguka. Avelina hakuingia. "Mimi natafsiri tu kinachosemwa, Mheshimiwa. Kisichosemwa sina ruhusa nacho."

Mwaka uliofuata Jaji alitimiza miaka sabini, na Minnesota jaji wa miaka sabini huvua joho apende asipende. Kulikuwa na keki, na watu wa Kigoma wakajaa tena. Jaji mkuu wa mahakama ile alisimama na kusema kwamba Jaji Ntahondi alianza na pigo moja la rufaa, akajifunza kwalo, na tangu hapo, kwa miaka minane, hakuna hata hukumu yake moja iliyotenguliwa. Watu wakasimama kupiga makofi. Victoria alisimama kwa sababu wote walisimama. Mikono yake ilikuwa imeshika mkoba.

Mwezi wa nane, Jumamosi mchana, Cleophas alikwenda University Avenue kununua dagaa. Kulikuwa na duka jipya la Wakongo, lenye kisamvu cha barafu, wao wanakiita sombe, mafuta ya mawese na vitenge vimekunjwa hadi darini. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya meza alikuwa amejitanda shali ya kijivu. Alimtambua kabla yeye hajamtambua.

"Karibu, Baba Jaji. Unatafuta nini?"

"Dagaa," alisema. Halafu, "Mukamana."

"Ndagala ziko. Za Kigoma, za kwenu." Akachukua mfuko, akaanza kuchota. "Watoto wazima. Héritière amemaliza shule. Baba yao anawapigia Jumapili kama umeme uko."

"Nilisikia. Nilisikitika sana. Mimi si jaji tena."

"Nilisikia na mimi. Walisema haukukosea hata mara moja." Alifunga mfuko, hakumpa. "Basi si ni kusema sasa unaweza kuuliza?"

"Kuuliza nini?"

"Alikuwa anangoja umuulize. Mpaka kule ndani walikomfunga alikuwa ananiambia, mama, angeniuliza ningemwambia. Na mimi nilikuwa nangoja. Tuko watu wawili pale, tunangoja. Uliza."

Hakukuwa na mteja mwingine. Nje treni ilipita ikigonga kengele. Cleophas alifungua mdomo, akaona jinsi swali lilivyo fupi.

"Kwa nini alisaini?"

Mukamana aliuweka mfuko mezani. Aligeuka, akanyanyua mkono, akavuta kitenge kimoja kwenye rundo, cha njano chenye ndege wa bluu, akakiweka mezani kati yao.

"Kama hiki," alisema. "Cha faini. Siku mbili kabla ya kikao tulikuja kukichagua, mimi na yeye, duka la mama Nyiraneza, kule kona. Yeye alitaka chekundu, mimi nikasema hapana, njano. Tulicheka mpaka mama Nyiraneza akatufukuza. Nilimwambia, kaka yangu ni mutu wa heshima zake, kubali yote, usibishe, twende kwetu. Akasema sawa. Alisaini juu ya mimi nilimwambia asaini." Alikinyoosha kitenge kwa kiganja. "Sasa Baba Jaji, wewe umesoma. Mwanamuke aliyepigwa mudomo anaenda ku duka na ule aliyemupiga, wanachagua rangi?"

Cleophas alikitazama kile kitenge. Duka la Nyiraneza alilijua, alikuwa akinunua unga hapo miaka hiyo. Mama yule angekuja mahakamani kwa miguu.

"Hilo sikulijua," alisema.

"Ningekuambia."

Mlango ulifunguka, akaingia mama mmoja na watoto wawili, na Mukamana akawasalimia kwa sauti nyingine kabisa. Alikunja kitenge, akakirudisha juu kilipokuwa, kisha akausukuma ule mfuko wa dagaa juu ya meza.

"Kuna swali lingine?" alimuuliza.

Cleophas alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Yule mama mteja alikuwa akingoja nyuma yake, mkono mmoja kwenye bega la mtoto.

"Hakuna," alisema.